Mhafidhina wa sebuleni: nani ameshika kalamu katika vichekesho vya televisheni ya Marekani?

Mleta mada:

Wakuu, dai kwamba burudani ya Marekani imewafungia milango watu wa siasa za kihafidhina limerudiwa mara nyingi kiasi kwamba wengi wetu tunalichukua kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mimi naona dai hilo lina ukweli, lakini ukweli wake hauko pale wanaolitoa wanapouweka. Mhafidhina hajakosekana katika televisheni ya Marekani. Tangu mwaka 1971 amekaa sebuleni, amepewa kiti chake na maneno makali ya kusema, na amependwa hata na watu wasiokubaliana naye hata chembe. Alichokosa ni kalamu. Miaka yote hiyo ameonekana akiwa ameandikwa na wengine, na waliomwandika, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu wa upande wa pili. Nitajenga hoja yangu juu ya vichekesho vya familia, kwa sababu huko ndiko siasa zilikozungumzwa waziwazi, kuliko katika filamu za vita na za wachunga ng'ombe ambazo watu hukimbilia kuzitaja.

Ni haki kukumbuka kwanza kwamba kulikuwa na zama ambapo kalamu nyekundu ilikuwa mikononi mwa wahafidhina wenyewe. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1968 studio kubwa za Hollywood zilifuata Kanuni za Hays, yaani kanuni za maadili zilizoamua kipi kiruhusiwe katika filamu, na kwa miaka mingi ofisi iliyozisimamia iliongozwa na Joseph Breen, Mkatoliki mwenye msimamo mkali, ambaye aliweza kuirudisha hadithi yoyote iliyoonyesha mhalifu akifaidi uhalifu wake au ndoa ikidharauliwa. Mwaka 1947 ikaja kamati ya Bunge iliyowahoji wasanii kuhusu ukomunisti. Kumi waliokataa kujibu walifungwa jela kwa kosa la kulidharau Bunge, na wengine wengi wakanyimwa kazi. Dalton Trumbo, mmoja wa kumi hao, aliandika kwa majina ya bandia mpaka mwaka 1960 jina lake liliporudi kwenye skrini. Kwa hiyo anayesema kwamba kumnyima msanii mkate kwa sababu ya maoni yake ni desturi iliyozuka juzi anairuka sehemu kubwa ya historia.

Sasa nije kwenye kiini. All in the Family, tamthilia ya vichekesho vya familia, ilianza kuonyeshwa na kituo cha televisheni cha CBS tarehe 12 Januari 1971. ABC ilikuwa imekwisha kuikataa baada ya kugharimia sehemu mbili za majaribio, na CBS yenyewe ilikuwa na hofu, hata kabla ya sehemu ya kwanza ikaweka tangazo la kuwatahadharisha watazamaji. Mhusika mkuu, Archie Bunker, ni msimamizi wa wapakiaji mizigo anayeishi Queens, New York. Alipigana Vita vya Pili vya Dunia, anamtetea Rais Nixon wa Republican, hawavumilii wapinga vita vya Vietnam, na ana jina la kejeli kwa kila kabila na kila dini isiyokuwa yake. Anaishi na mkewe Edith, binti yao Gloria, na mkwewe Mike, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye nywele ndefu, ambaye hupinga kila anachosema baba mkwe wake huku akila chakula chake bila kuchangia senti.

Naomba tuzingatie hilo la chakula. Norman Lear, aliyeitunga kwa kuifuata tamthilia ya Uingereza ya mwaka 1965, alikuwa mliberali asiyejificha, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianzisha shirika la kukabiliana na ushawishi wa kisiasa wa wahubiri wa mrengo wa kulia. Carroll O'Connor, aliyemwigiza Archie, naye alikuwa wa upande huo huo. Hata hivyo Lear alimpa kijana wa upande wake udhaifu ambao mtu yeyote aliyewahi kukaa nyumba moja na mkwe asiye na kipato angeuona mara moja. Lear alimchora Archie akimwangalia baba yake mzazi, ambaye naye alikuwa na kiti chake nyumbani na ndiye aliyekuwa akimwamuru mkewe anyamaze kwa neno lile lile ambalo Archie alimtupia Edith kila wiki. Mtu humchora baba yake kwa hasira na kwa mapenzi pamoja, na nadhani hapo ndipo uhai wa mhusika huyu ulipotoka.

Kalamu ya Lear, hata hivyo, haikuwa ya haki kila siku, na mifano miwili inatosha kuonyesha tofauti. Mwaka 1972 kuna sehemu ambayo Archie anakasirishwa na maoni ya kituo cha televisheni kuhusu udhibiti wa silaha, naye anakwenda studio kuyajibu. Anapendekeza kwamba utekaji wa ndege ungekoma kama kila abiria angekabidhiwa bastola wakati wa kupanda na kuirudisha wakati wa kushuka. Baadaye, akiwa baa anafurahia umaarufu wake mpya, anaporwa kwa mtutu wa bastola. Hoja yake haikujibiwa na mtu; ilijibiwa na mtunzi, aliyempangia majambazi. Katika sehemu nyingine, ya mwaka 1978, Archie na Mike wanafungiwa kwa bahati mbaya ndani ya stoo ya baa usiku kucha. Wanakunywa, na Archie anaanza kusimulia utoto wake: jinsi familia ilivyokuwa fukara mpaka akaenda shule mguu mmoja umevaa kiatu na mwingine umevaa buti, watoto wenzake wakampa jina la kumzomea. Anamtaja baba yake aliyempiga, na anaapa kwamba baba huyo hakukosea, kwa maana mtu anayekulea na kukupenda hawezi kukosea. Mike anamsikiliza bila kumbishia. Hapo hatuambiwi kwamba maoni ya Archie ni sahihi, lakini tunaonyeshwa yalikotoka, nayo yanatoka kwa mzazi anayelindwa na mtoto wake. Nimeona maandishi mengi kuhusu chanzo cha ubaguzi, na machache yanayofikia dakika hizo chache.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Tamthilia hiyo iliongoza kwa watazamaji nchini Marekani kwa misimu mitano mfululizo. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha utafiti uliofanywa kwa watazamaji wa Marekani na Kanada, wakaonyesha kwamba watu wenye ubaguzi zaidi ndio waliokuwa na mwelekeo mkubwa wa kumstahi Archie kuliko Mike, na hawakuona kwamba wanachekwa. Lear alidhani anawapa kioo. Wao wakaona mtu wao hatimaye amepewa nafasi ya kusema. Nixon mwenyewe, katika mazungumzo ya mwezi Mei 1971 yaliyonaswa na vinasa sauti vya Ikulu ya Marekani, aliilalamikia tamthilia hiyo mbele ya wasaidizi wake, kwa sababu ilimwonyesha rafiki wa Archie, mwanamichezo shupavu wa zamani, akijitambulisha kuwa shoga. Rais wa nchi aliona hatari katika kipindi ambacho mamilioni ya wapiga kura wake walikipenda kwa dhati.

Mfano wangu wa pili ni Family Ties, vichekesho vya kituo cha NBC, iliyodumu kuanzia 1982 hadi 1989. Mtunzi wake, Gary David Goldberg, alitoka katika kizazi cha vijana waliopinga vita na kuishi maisha ya huria, na aliikusudia iwe hadithi ya wazazi wa aina yake: Steven anayeendesha kituo cha televisheni ya umma huko Columbus, Ohio, na Elyse ambaye ni msanifu majengo. Mtoto wao wa kwanza, Alex, anavaa tai, anasoma kurasa za uchumi, na ana picha ya William F. Buckley, mwandishi maarufu wa kihafidhina, chumbani kwake. Alikusudiwa awe mzaha wa pembeni. Watazamaji waliamua vingine, na Michael J. Fox, aliyemwigiza, akashinda tuzo ya televisheni ya Emmy mara tatu mfululizo kuanzia 1986. Ronald Reagan, ambaye kabla ya siasa alikuwa rais wa chama cha waigizaji, alisema hadharani kwamba kipindi hicho ndicho alichokipenda kuliko vyote.

Nampenda Alex, lakini sioni kama alikuwa ushindi mkubwa kwa wahafidhina kama wanavyosimulia. Uhafidhina wake kwa sehemu kubwa ni wa fedha: kodi, hisa, faida. Masuala ya dini na ya utoaji mimba, yaliyowatoa wapiga kura wa Reagan majumbani mwao, hayakuwa mzigo wake. Huo ndio uhafidhina ambao kituo kikubwa cha televisheni huweza kuupenda bila kuhatarisha chochote. Tena tamaa ya Alex hutibiwa kwa kukumbatiwa na mama yake kabla nusu saa haijaisha, kana kwamba msimamo wa kisiasa ni homa ya utoto.

Kuhusu hotuba ya Makamu wa Rais Dan Quayle ya Mei 1992, aliyomlaumu ndani yake Murphy Brown, mhusika mkuu wa vichekesho vyenye jina hilo hilo, kwa kuzaa bila baba wa mtoto kuwapo, nitasema machache tu. Alikuwa na hoja halali juu ya akina baba, ambayo Candice Bergen, aliyeigiza nafasi hiyo, alikiri baadaye kwamba ilikuwa na busara. Kosa lake ni kumshitaki mhusika wa kubuni badala ya kumpinga kwa mhusika mwingine wa kubuni.

Nimalizie sehemu hii na Roseanne, tamthilia yenye jina la nyota wake Roseanne Barr, aliyemwigiza mama wa familia anayeitwa Roseanne pia, kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizi ambayo mhafidhina, au tuseme mtu aliyekuwa amehamia upande huo, alikuwa na sauti katika chumba cha uandishi. Iliporudi ABC tarehe 27 Machi 2018, baada ya kutoweka tangu 1997, watu milioni 18.2 waliitazama usiku huo huo, na miji iliyoongoza ni ya katikati ya nchi, kama Tulsa, Cincinnati na Kansas City. Roseanne alimpigia kura Trump. Dada yake Jackie anaingia nyumbani amevaa kofia ya waridi ya waandamanaji waliompinga Trump, na hawajazungumza kwa muda mrefu. Jambo lililonigusa zaidi ni dogo. Roseanne na mumewe Dan wamekaa mezani jikoni wakigawana vidonge, kwa sababu bima yao haitoshi tena kulipia dawa walizozoea. Katika vidonge vile mtazamaji aliweza kuelewa kura ya familia ile kuliko katika mijadala yote ya runinga ya usiku. Na chumba kile cha uandishi kilikuwa na watu wa pande zote: Wanda Sykes, mchekeshaji Mweusi wa mrengo wa kushoto kabisa, alikuwa miongoni mwa watayarishaji washauri.

Tarehe 29 Mei mwaka huo huo Roseanne Barr aliandika mtandaoni maneno ya kibaguzi dhidi ya Valerie Jarrett, aliyekuwa mshauri wa Rais Obama. Sykes alitangaza kwamba hatarudi, na siku hiyo hiyo ABC ikaifuta tamthilia. Sioni namna ambayo kituo kingeweza kufanya vingine. Naumia tu kwamba nafasi adimu ya namna ile ilivunjwa na mtu yule yule aliyeijenga, na kwamba wengi wameikumbuka kama ushahidi wa mateso ya wahafidhina, wakati wiki chache kabla yake ilikuwa ushahidi wa kinyume.

Mchangiaji wa kwanza:

Ahsante kwa mada nzito, mkuu. Nakubaliana nawe kuhusu kalamu, lakini naona unamhurumia Lear kupita kiasi. Mtu akikuchora mara tisa kama mjinga na mara ya kumi akaonyesha kwamba ulilia utotoni, hajakutendea haki; amekufanya mgonjwa anayestahili kuonewa huruma. Mliberali katika tamthilia hizi ana hoja, mhafidhina ana historia ya maumivu. Pia hukuigusa Last Man Standing ya Tim Allen, ambayo ABC iliifuta mwaka 2017 ilhali watazamaji wake walikuwa wengi. Kama hiyo haikuwa siasa, ilikuwa nini?

Mleta mada:

Mkuu, hoja yako ya kwanza ni nzito na naipokea kama nyongeza kwa niliyosema. Ni kweli kwamba Mike huzungumza kwa takwimu na Archie kwa makovu. Ningeongeza tu kwamba mwenye makovu ndiye aliyebaki katika mioyo ya watu: kiti chake kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian mjini Washington tangu 1978. Lakini hilo halifuti dosari uliyoitaja. Mhafidhina mwenye kusoma, anayeweza kutetea imani yake kwa hoja mbele ya mtu mwerevu na asiaibishwe na mtunzi, ni nadra sana katika vichekesho hivi, na unadra huo unatokana hasa na nani amekaa katika chumba cha uandishi.

Kuhusu Last Man Standing, hapo tuwe waangalifu. Tim Allen aliigiza Mike Baxter, mkurugenzi wa masoko wa duka la vifaa vya uwindaji na kambi huko Denver, baba wa mabinti watatu, anayesema wazi kwamba ni wa chama cha Republican. ABC iliionyesha kuanzia 2011 na kuifuta baada ya misimu sita. Tamthilia hiyo haikuwa mali ya ABC. Ilitengenezwa na kampuni ya televisheni ya 20th Century Fox. Kadiri misimu inavyoongezeka, gharama hupanda, na kituo kinachoonyesha mali ya mwingine hakipati chochote katika mauzo ya marudio. Uamuzi wa namna hiyo huweza kuua tamthilia ya upande wowote. Fox, waliokuwa na mahusiano ya karibu na mali hiyo, waliirudisha mwaka 2018 na ikaendelea mpaka 2021. Siwezi kuapa kwamba hakuna mtu ABC aliyefurahi kuachana na maoni ya Baxter, lakini hesabu za biashara zinajitosheleza kueleza kilichotokea, na tukitaja siasa kila pale ambapo fedha zinatosha kueleza, tutadhoofisha malalamiko yaliyo ya kweli.

Mchangiaji wa pili:

Samahani kuingilia, ndugu zangu. Kwa nini wahafidhina wasijenge nyumba yao wenyewe? Mel Gibson alitoa fedha zake kutengeneza filamu ya mateso ya Yesu mwaka 2004, kiasi cha dola milioni 30, na ikaingiza zaidi ya milioni 600 duniani. Mwaka 2023 Angel Studios walitoa Sound of Freedom, filamu ya kupambana na wanaowauza watoto, ikapata zaidi ya dola milioni 180 Marekani pekee, na watazamaji walikuwa wakiwalipia wengine tiketi. Soko lipo, hawahitaji kubisha hodi Hollywood.

Mleta mada:

Soko lipo, dada yangu, na takwimu hizo ni jibu tosha kwa wakubwa wa studio waliodhani halipo. Wasiwasi wangu uko kwingine. Filamu hizo zilikwenda kwa watu ambao tayari walikuwa wamekubali, wengi wao wakiingia sinema kwa makundi ya makanisa, na zina adui ambaye hakuna mtu angependa kuonekana upande wake. Vichekesho vya familia vina kazi ngumu zaidi: adui ni mkweo, anaishi kwako, na kesho asubuhi mtakunywa kahawa pamoja. Mwaka 2007 kituo cha Fox News kilijaribu kipindi cha kejeli cha kihafidhina cha kila wiki, The 1/2 Hour News Hour, na hakikumaliza mwaka. Kilikuwa kinamcheka mpinzani bila kumpa mwili wala jina la mtu wa kawaida. Greg Gutfeld amefanikiwa zaidi katika kituo hicho hicho tangu 2021, lakini kipindi chake ni cha mazungumzo, hakina hadithi.

Mchangiaji wa kwanza:

Basi vipi kuhusu katuni ya King of the Hill? Hank Hill ni muuza gesi wa Texas, anakwenda kanisani, anamheshimu Reagan, na hafanywi mpumbavu.

Mleta mada:

Umenitangulia, mkuu, na huo ndio mfano bora kuliko yote niliyoitaja. Mike Judge na Greg Daniels waliianzisha Fox mwaka 1997, ikaenda mpaka 2010, na mwaka 2025 imerudishwa. Hank anaamini katika kazi iliyofanywa vizuri, nyasi zilizokatwa sawasawa, na ahadi iliyotimizwa, na mara nyingi hadithi inampa haki mbele ya wataalamu wa mjini wanaokuja kumfundisha namna ya kuishi. Katika sehemu iliyoonyeshwa muda mfupi kabla ya uchaguzi wa mwaka 2000, anapata nafasi ya kumpa mkono George W. Bush, mgombea wake, na anagundua kwamba mkono ule ni legelege. Anafadhaika kweli kweli, kwa maana kwake mkono wa mwanamume unasema tabia yake, na sasa hajui kama anaweza kumpigia kura. Mwandishi anayemdharau Hank asingeweza kuwaza mgogoro huo, kwa sababu anahitaji kwanza kuamini kwamba kipimo cha Hank kina maana. Tofauti na Archie, Hank hakuhitaji kupewa kidonda ili tumsikilize, na tofauti na Alex, hakuhitaji kuponywa. Ningependa tuendelee na katuni hii katika kurasa zinazofuata, hasa misimu yake ya mwanzo, na anayeikumbuka vizuri sehemu ambayo Hank ameshindwa kwa hoja na mtu wa mrengo wa kushoto aliyeandikwa kwa heshima hiyo hiyo, aiweke hapa.